Sauti za nyanya na diski iliyoko Bukavu

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipoteremka na kuupasua mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hadi kuingia katika Ziwa Kivu, nyumba yetu ya Birere ilikuwa katika njia yake. Baba alikuwa na mkebe wa bati uliowahi kuwa wa biskuti, na ndani yake aliweka picha zote za familia: ndoa yake, ubatizo wetu, nyanya akiwa kijana amesimama mbele ya duka la vitenge. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na mablanketi na sufuria moja, na mkebe ule ukabaki juu ya kabati. Leo picha za familia yetu za kabla ya mwaka huo ni tatu tu, nazo zilipona kwa sababu shangazi yangu wa Bukavu alikuwa ametumiwa nakala zake kwa boti miaka mingi kabla, akazitundika sebuleni kwake.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kazi yote nitakayoieleza hapa imetokana na picha hizo tatu. Tangu mwaka 2014 nimekuwa nikirekodi sauti za wazee wa familia yetu na wa mtaa wetu wa Majengo, nikipiga picha barua na vyeti vyao, na kuandika kwa Kiswahili yale wanayonieleza. Nyanya yangu, aliyefariki mwaka 2018, ameniachia saa kumi na saba za mazungumzo: jinsi alivyoteremka kutoka Lubero akiwa msichana, bei ya ndoo ya maharagwe alipoanza kuuza, nyimbo walizoimba wakipalilia, majina ya watoto aliowazika. Mambo hayo hayajaandikwa mahali pengine popote. Namna ya kuyatunza ili yasipotee, yasiangukie mikono mibaya, na yapatikane siku yanapotafutwa, ni jambo ambalo nimelifikiria zaidi ya mengine yote katika kazi hii, na vijana kadhaa wanaorekodi kwaya au kuandika historia za mitaa yao wameniomba niwaeleze ninavyofanya. Nitaeleza pia nilivyokosea.

Kwa miaka saba niliamini kuwa ninatunza vizuri. Nilikuwa na kompyuta mpakato na diski ya nje, na kila mwisho wa mwezi nilinakili kila kitu kutoka kompyuta hadi diski. Zote mbili nilizifungia katika kabati moja la chumbani, kwa ufunguo mmoja. Juu ya hayo, mwaka 2020 nilijaza kle, ndivyo tunavyokiita hapa kwetu kile kifaa ambacho kwingine huitwa flashi, nikampa mdogo wangu, mtoto wa shangazi, aende nayo Bukavu. Nilijihesabia nakala tatu na nikalala usingizi.

Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Lava ilisimama upande wa Buhene, ikauacha mji karibu wote, lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, kuta zikapata nyufa, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 likatoka tangazo kwamba wakazi wa mitaa kumi, Majengo ukiwamo, waondoke mara moja. Tulishika barabara ya Sake, safari ya kilomita zipatazo 25, mtoto mdogo mgongoni kwangu na yule mkubwa ameshikwa mkono na mama yangu. Tulipofika Mugunga ndipo nilipokumbuka kabati. Kompyuta na diski vilikuwa vimelala humo pamoja, mahali pamoja na chini ya hatari moja, kama mkebe wa baba.

Nikabaki na kle ya Bukavu. Nilipopata mahali pa kuchajia simu pale Sake, nilimpigia mdogo wangu nikamwomba aifungue mbele ya kompyuta na kuniambia anachokiona. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Yaya, majina yote yapo, lakini kila kimoja hapa kina kilobaiti 2. Tena kila folda ina mshale mdogo pembeni."

Wanaopeleka kle zao burotiki kuchapisha barua au kutoa fotokopi wanaufahamu mshale huo. Kuna aina ya kirusi ambacho, kle inapochomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kuambukizwa, huzificha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia ya mkato, folda yako inafunguka kama kawaida na huoni tofauti, lakini kabla haijafunguka umekwisha kukiamsha kirusi, nacho kinajinakili ndani ya kompyuta yako na kusubiri kle nyingine itakayochomekwa. Zamani virusi vya kle viliweza kujiendesha vyenyewe pindi kle inapoingia. Microsoft iliuziba mlango huo katika Windows 7 mwaka 2009, na mwaka 2011 ikaziba pia katika matoleo ya nyuma. Hiki cha njia ya mkato hakihitaji mlango huo, kwa kuwa ni mkono wa mtu mwenyewe unaokibofya. Kle yangu ilipata kirusi mahali nilipokuwa nikichapisha karatasi za kanisa, nami niliitumia kle hiyohiyo kubebea sauti za nyanya.

Mdogo wangu alikuwa anasoma mambo ya kompyuta, na siku ya tatu aliichomeka kle katika kompyuta inayotumia Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, ambao hauijali alama ya kufichwa inayowekwa kwa ajili ya Windows. Folda zote zikajitokeza. Kwa wenye Windows peke yake, amri ya attrib, ikiandikwa kwa usahihi katika dirisha la amri, huondoa alama hiyo na kurudisha mafaili machoni, na ni vema kujua hivyo, maana nimeona watu wakifuta kle yao yote wakidhani vitu vimekufa ilhali vimefunikwa tu. Hata hivyo rekodi kumi na moja zilikuwa na jina bila kitu ndani, baiti sifuri. Hizo hazikuharibiwa na kirusi. Niliharibu mimi siku nilipoichomoa kle kwa haraka, kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Kompyuta mara nyingi hushikilia sehemu ya kazi katika kumbukumbu yake kwa muda na kuiandika baadaye, na ndiyo sababu inatutaka tuiombe ruhusa ya kuondoa kifaa.

Tuliporudi nyumbani mwezi Juni tulikuta kabati limefungwa vilevile tulivyoliacha, na hakuna kilichopotea. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini katika siku zile za Sake nilielewa kwamba nilikuwa nimejihesabia nakala tatu huku kwa kweli ninayo moja, kwa sababu mbili zilikaa chumba kimoja na ya tatu hakuna mtu aliyewahi kuifungua kule ilikopelekwa.

Wapiga picha wana kanuni ambayo Mmarekani Peter Krogh, mpiga picha naye, ndiye aliyeieneza: kila kitu kiwe katika nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae mahali pengine. Nimeifuata tangu wakati ule, nikiipima kwa hali ya kwetu. Hapa Goma, neno "mahali pengine" haliwezi kuwa nyumba ya jirani wala ofisi ya upande wa pili wa mzunguko wa barabara. Janga linalofika nyumbani kwangu linaweza kufika kwa jirani saa hiyohiyo. Kwa hiyo nakala yangu ya kwanza iko katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje ambayo sasa inakaa kwa mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba anayeishi Himbi, mtaa mwingine wa Goma, na ya tatu katika diski iliyoko Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Ya nne, ambayo ni ya sauti zilizopunguzwa uzito tu, iko katika hifadhi ya mtandaoni.

Niongeze neno kuhusu hiyo ya nne, kwa kuwa wengi wetu tunadhani kitu kikishapanda mtandaoni kimeokoka. Tarehe 10 Machi 2021, wiki kama kumi na moja kabla ya sisi kukimbia, moto uliteketeza jengo zima la kituo kikubwa cha kuhifadhi data mjini Strasbourg, Ufaransa. Tovuti mamilioni zilizimika. Hakuna mtu aliyefariki, lakini wapo wateja waliopoteza kazi ya miaka, wakiwamo waliokuwa wamelipia nakala ya akiba, kwa kuwa nakala hiyo nayo ilikuwa ikitunzwa katika eneo lilelile lililoungua. Nilipoisoma habari hiyo nililiona kabati langu la Majengo, isipokuwa lao lilikuwa la ghorofa tano. Data inayoitwa ya wingu inakaa juu ya diski, ndani ya nyumba, juu ya ardhi ya mahali fulani, na mwenye data anayo haki ya kuuliza ni nyumba gani na nakala yake iko nyumba ipi.

Upande wetu kuna sababu nyingine. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa, na wakati huo kitu kilichokuwa mtandaoni peke yake kilikuwa sawa na kitu kilichofungiwa katika nyumba ya mtu aliyesafiri. Vilevile kupandisha mafaili makubwa ni gharama. Saa moja ya sauti niliyorekodi kwa ubora kamili, katika muundo wa WAV wa mkondo mmoja, huchukua megabaiti zipatazo 318. Saa hiyohiyo katika MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 58. Saa kumi na saba za nyanya kwa ubora kamili ni zaidi ya gigabaiti 5, na kuzipandisha kwa megabaiti za simu kungenimalizia hela ya chakula cha juma. Nimeamua hivi: ubora kamili unasafiri kwa diski, na MP3 ndiyo inayopanda mtandaoni. Namwonya pia kila anayetumia WhatsApp kama ghala la picha: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na ile iliyopunguzwa hairudi tena ilivyokuwa. Ikibidi kuituma huko, itumwe kama hati, ibaki nzima.

Sasa nije kwenye mpangilio, ambao watu huudharau kwa kuwa hauna hofu ndani yake. Niliwahi kuwa na mafaili sita yaitwayo "nyanya", "nyanya mpya", "nyanya mpya 2", "nyanya ya mwisho" na kuendelea, na siku ya matanga ya baba mdogo, ndugu walipoomba wamsikie nyanya akimtaja alipozaliwa, nilitafuta usiku kucha bila kupata. Ilikuwepo. Niliipata wiki mbili baadaye, ndani ya faili lenye jina la simu nililorekodia, tarakimu tupu.

Tangu hapo kila faili linaanza na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa tarakimu nne, mbili na mbili. Utaratibu huo wa kuandika tarehe ni wa kimataifa tangu mwaka 1988, na faida yake kwetu ni kwamba kompyuta inapoyapanga mafaili kwa alfabeti inakuwa imeyapanga pia kwa miaka bila wewe kufanya lolote. Baada ya tarehe ninaandika jina la anayezungumza, mahali, na neno moja la mada, bila nafasi kati ya maneno na bila alama za Kifaransa juu ya herufi, kwa sababu herufi zenye alama zimewahi kugeuka kuwa maswali na vibanda vitupu nilipohamisha mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mfano ni huu: 2016-08-14_nyanya_majengo_maharagwe. Mtu yeyote wa familia akiliona jina hilo atajua kilichomo kabla hajalifungua, hata kama mimi sipo.

Pamoja na mafaili ninaweka daftari la karatasi lenye mistari, la shule, ambamo kila rekodi ina mstari wake: tarehe, nani, dakika ngapi, lugha gani, na maneno machache ya yaliyosemwa pamoja na dakika yanaposikika. Nyanya alikuwa akianza kwa Kiswahili, na akiguswa na jambo anahamia Kinande bila kujijua, kwa hiyo ninaandika pia dakika anayohama. Daftari hilo nimelipiga picha kurasa zote na picha zake zinasafiri pamoja na diski. Kazi hii inachosha. Saa moja ya sauti inanila saa tatu za kusikiliza na kuandika, na nina rekodi arobaini na kitu ambazo bado hazijaingia daftarini. Lakini bila daftari, diski yenye sauti mia tatu ni gunia la maharagwe yaliyochanganyika na kokoto, na hakuna mjukuu atakayekuwa na subira ya kulichambua.

Kuhusu usalama, nianze na nywila. Kwa muda mrefu tulifundishwa kuweka herufi kubwa, tarakimu na alama ya ajabu, na kuibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliubadili mwongozo wake: ikatilia mkazo urefu, ikaacha kushauri kubadilisha mara kwa mara pasipo dalili ya kuvuja, kwa sababu watu wanaolazimishwa kubadilisha huongeza tarakimu moja mwishoni na kuona wamemaliza. Njia ninayoipenda ni ya Arnold Reinhold wa Marekani, ya mwaka 1995: unarusha dadu mara tano, namba tano unazopata zinakuonyesha neno moja katika orodha ya maneno 7,776, na unarudia hadi uwe na maneno sita. Nguvu yake iko katika bahati ya dadu, wala si katika ugumu wa maneno. Mimi nilitumia kamusi ya Kiswahili iliyopo nyumbani, mwanangu akifungua ukurasa huku amefumba macho na kuweka kidole, nami nikaandika neno lililoangukiwa bila kulikataa hata moja. Msitumie methali, wala mstari wa wimbo wa kanisani, wala aya ya Biblia. Hayo yote yanajulikana na watu wengi, na kinachojulikana na wengi kiko pia katika orodha za wanaojaribu kuvunja nywila.

Kila akaunti ina nywila yake, na kwa kuwa kichwa cha mtu hakiwezi kubeba nywila ishirini, nazitunza katika programu ya KeePass, ambayo ni ya bure na huweka kila kitu ndani ya faili moja lililofungwa kwa nywila kuu. Faili hilo linakaa kwenye kompyuta yangu bila kuhitaji intaneti, jambo ambalo katika mji wetu lina uzito.

Barua pepe ndiyo mlango wa milango yote, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Niliiwekea uthibitishaji wa hatua mbili, na nikaacha kutegemea namba inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Hapa kwetu watu hupoteza simu, hubadilisha laini, hukaa miezi mingi bila kutumia namba, na namba isiyotumika inaweza kupewa mtu mwingine. Tena wapo matapeli wanaojua kumshawishi mhudumu awahamishie namba yako. Programu inayozalisha tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30 hufanya kazi hata simu ikiwa haina mtandao wala yuniti, kwa kuwa inahesabu kutokana na saa ya simu na siri iliyowekwa siku ya kwanza. Google hutoa pia namba 10 za akiba za kutumia siku simu inapopotea. Nimezinakili kwa kalamu, karatasi ikakunjwa ndani ya bahasha, bahasha ikashonewa ndani ya jalada la Biblia ya mama. Alipoifunga tena Biblia yake aliniambia tu: "Mwanangu, hapo hakuna mtu atakayekuja kuiba."

Jambo linalonigusa zaidi kuliko nywila ni usalama wa wale wanaozungumza ndani ya rekodi. Mzee akikueleza alikokimbilia, nani alimficha, shamba lake liko kilima gani na nani analima leo, amekupa kitu ambacho katika mkoa wetu kinaweza kumdhuru yeye au watoto wake. Kabla ya kurekodi ninaeleza nitakachofanya na sauti, na mwishoni ninamrudishia asikilize na kuniambia kitu gani kisitoke nje. Yapo mambo niliyoombwa nisiyatoe kabla ya mtu kufariki, na daftarini nimeyawekea alama nyekundu. Diski zote zinazotoka nyumbani kwangu zimefungwa kwa usimbaji fiche kwa kutumia programu ya VeraCrypt, ili atakayeiba diski apate chuma kitupu. Na picha zina hatari ambayo wengi hawaioni: simu ikiwa imewashwa huduma ya kuonyesha mahali ilipo, kila picha inabeba ndani yake latitudo na longitudo ya pale ilipopigwa, pamoja na saa. Picha ya mama mmoja aliyekaa mlangoni pake, ikisafiri kama hati, inampa anayeipokea ramani ya kufika hadi mlango huo. Nimeizima huduma hiyo kwenye kamera, na picha za zamani ninaziondolea taarifa hizo kabla hazijaenda kwa mtu yeyote. Nakala halisi yenye taarifa zote inabaki katika diski zilizofungwa.

Kusasisha programu nitakusema kwa ufupi, kwa kuwa sababu yake inaonekana wazi katika tukio moja. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilizuka tarehe 12 Mei 2017, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Kiraka cha kuziba tundu kilichopitia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Najua kwamba masasisho yanakula megabaiti na sisi tunahesabu kila moja. Hata hivyo mimi nayatengea fedha kila mwezi kama ninavyotenga ya maji, na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta yangu ya zamani, isiyoweza kupokea toleo jipya, nimeiwekea Linux kwa msaada wa mdogo wangu.

Umeme nao: usinakili wakati chaji ya kompyuta ni kidogo na umeme unacheza. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano huingia kila tundu, kwa hiyo diski inakaa ndani ya mfuko wa kufungwa, uliofungwa tena kwa kitambaa.

Kinachobaki ni kupima. Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya kwanza, mimi na mdogo wangu tunakaa kila mtu mbele ya diski yake, yeye Bukavu na mimi Goma, simu sikioni. Mwanangu anachagua mistari mitano kutoka daftarini bila kuangalia. Kwa kila rekodi tunatoa alama yake ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaohesabiwa kutokana na kila kilichomo katika faili, kiasi kwamba ikibadilika hata baiti moja mfuatano wote unabadilika. Yeye ananisomea sita za mwanzo na sita za mwisho, nami nazilinganisha na zilizoandikwa daftarini siku faili lilipoingia. Kisha, hata zikilingana, analifungua faili na kunisomea kwa simu sentensi ya kwanza anayoisikia, kwa sababu nataka kuwa na hakika kwamba kompyuta ya huko, na programu ya huko, na mtu wa huko, wanaweza kumsikia nyanya.

Jumamosi iliyopita nne zililingana. Ya tano, ya tarehe 3 Septemba 2017, nyanya akieleza jinsi walivyokuwa wakihifadhi mbegu juu ya moshi wa jiko, haikulingana. Ilifunguka, ikaenda dakika tisa, halafu sauti ikakatika na kurudi. Ya kwangu ni nzima, na ya Himbi nimeifuata siku ileile nikaikuta nzima. Diski ya Bukavu ina miaka minne sasa, na sitangoja ianze kuharibu nyingine. Nimenunua mpya, ninainakilia usiku umeme unapotulia, na Alhamisi mdogo wangu ataipokea bandarini.